Nataka kuweka magurudumu kwenye randa na msumeno wa bendi, nianzie wapi?

chipukizi_wa_mbao:
Wakuu habari za jioni. Karakana yangu ni mita 4 kwa 5 tu, na humo nimebana randa ya mashine, ile inayonyoosha na kupiga unene, kibao chake kinasema kilo 280, halafu kuna msumeno wa bendi kilo 130, mrefu kunizidi. Kila nikiwa na ubao mrefu lazima nisogeze kimojawapo, nasogeza kwa mtaimbo, kona hii kidogo kona ile kidogo, mgongo unalia na sakafu ishachubuka. Nimewaza nitoboe tu miguu nifunge magurudumu manne yenye breki yaishe, ila jamaa kanitisha eti mashine ikikaa kwenye magurudumu haifanyi kazi vizuri. Kuna ukweli hapo? Na nichukue ya kubeba kilo ngapi, maana 280 gawa kwa 4 napata 70.

mtu_wa_randa:
Mkuu gawa kwa 3 sio 4. Sakafu iliyonyooka kabisa hakuna, kuna muda gurudumu moja linaning'inia na matatu ndo yanabeba kila kitu, hapo ni 93 na ushee, we chukua ya kilo 150 kila moja maana ukipita kwenye ufa mzigo unashuka kwa kishindo. Kipenyo milimita 100 au zaidi, madogo yanakwama hata kwenye maranda. Poliyurethini, aina ya plastiki, ni nzuri, ngumu lakini haichubui sakafu. Raba laini ukiiacha na mzigo mwezi mzima sehemu moja inabonyea, siku ya kusukuma inagonga tak tak tak kama baiskeli yenye rimu iliyopinda.

Na breki angalia vizuri, nyingi zinafunga tairi tu, shingo inayoligeuza gurudumu inabaki huru na mashine inacheza. Zipo zinazofunga vyote viwili, hizo ndo unazotaka.

spana24:
Jamaa yako hajakutania. Hata breki ya kufunga vyote viwili ina ulegevu kidogo kwenye beringi ya shingo, sasa zidisha mara nne halafu sukuma ubao mzito kwenye randa uone. Magurudumu ni ya kusafiria, kusimama isimame kwa miguu yake.

Mimi nilifanya hivi: nilichomelea fremu ya engo, vile vyuma vya umbo la L, ya milimita 50 kwa 50 unene milimita 5, mashine inakaa ndani yake kama sahani kwenye trei. Magurudumu hayapo chini ya fremu, yako nje, yamefungwa kwenye masikio niliyochomelea juu pembeni, kwa hiyo fremu iko sentimita 1 tu kutoka sakafuni. Ukiyaweka chini kama ulivyowaza, gurudumu la 100 pamoja na kiti chake linapandisha meza sentimita 12 au 13, utakuwa unaranda mikono ikiwa kifuani. Kila kona nikachomelea nati ya M16, yaani ya bolti nene milimita 16, na kushusha bolti yenye kisahani cha raba chini. Uzi wa kawaida wa M16 ni milimita 2 kwa mzunguko, nazungusha kama mitatu hivi mpaka gurudumu linazunguka bure kwa kidole, basi mashine imekaa. Kuhama nafungua, dakika mbili tatu.

Pima pembe kwa pembe kabla ya kuchomelea moja kwa moja, weka vidoti kwanza. Na usichomelee mashine ikiwa juu ya fremu, umeme wa weldingi ukipitia kwenye beringi unaziharibu.

babu_maranda:
Hapo kwenye msumeno wa bendi niongeze, maana yalinikuta. Niliuweka kwenye ubao wenye magurudumu manne saizi ileile ya kitako chake, ukawa unateleza vizuri mpaka nikajisifu. Siku moja nausukuma nimeshika juu, kwenye kifuniko cha gurudumu la juu linalozungusha bendi, gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha mbao si kikubwa kuliko kiberiti, likagoma palepale, huku juu mimi bado nasukuma. Ulilalia benchi, bila benchi ungelala sakafuni na mimi chini yake. Meza ikapasuka sikio, chuma cha kalibu hicho hakina msamaha.

Mashine ile uzito wake uko juu, kwa hiyo tanua kitako, masikio ya spana24 yatoke nje sentimita 10 au zaidi kila upande. Sukuma ukishika chini ya meza, na ufagie njia kwanza.

mtu_wa_randa:
@spana24 bolti nne kila ukihama, mi ningechoka. Weka magurudumu mawili yasiyogeuka shingo nyuma, mbele miguu miwili ya raba na gurudumu moja katikati lenye pedali ya kunyanyua. Ukikanyaga mbele inapanda, ukiachia imekaa.

spana24:
Inafaa kwa msumeno wa meza na drili. Randa ya kilo 280 yenye meza ndefu mi nabaki na bolti, kwanza nasawazisha nayo kwa pima maji maana sakafu yangu ina mteremko.

chipukizi_wa_mbao:
Nimewaelewa wakuu. Randa naenda na bolti. Msumeno wa bendi pedali, ila kitako nitatanua kutoka sentimita 50 kwenda 75. Swali la mwisho, waya wa umeme umepigiliwa ukutani moja kwa moja, niufanyeje?

babu_maranda:
Huo ubadilishwe na fundi umeme, waweke waya laini wa kuhimili ampea za mota na waya wa ethi usisahaulike, mwishoni plagi. Chomoa kabla hujasukuma. Wengi wanausahau, gurudumu linaukanyaga.

chipukizi_wa_mbao:
Sawa babu. Kesho naanza kukata engo.