Mrejesho: Baiskeli kwenye maramu ya Kinangop

Niliuliza hapa jinsi ya kuendesha baiskeli kwenye maramu (barabara za changarawe zisizo na lami) ya Kinangop, nyanda za juu za Kenya, zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali nimezoea Nairobi, karibu mita 1,700. Nimerudi, asanteni sana.

Kupunguza upepo wa tairi ndiko kulikonifaa kuliko yote: gurudumu lilishika changarawe vizuri na mikono haikufa ganzi hata kwenye mteremko. Uliyesema niweke gia nyepesi kabla mlima haujaanza, Mungu akubariki.

Kulala kwanza Njabini, mji wa huko Kinangop, ili mwili uzoee mwinuko kulisaidia kiasi tu. Kwenye miinuko mikali pumzi ilikata, nikashuka nikasukuma. Matope ndiyo yaliyonishinda kabisa. Mvua ilikuja mchana, udongo ukajaa kati ya tairi na fremu, magurudumu yakagoma. Mnaokwenda, ondokeni alfajiri.