Sliders: yule Profesa aliyeruka ni wetu au tulipigwa?

chizi_wa_sirizi
Wakuu habari za usiku, nimeanza kuangalia Sliders, ile sirizi ya Marekani ya 1995 ambayo kijana Quinn, Profesa Arturo, Wade na mwimbaji Rembrandt wanaruka kwenye tundu kutoka dunia moja kwenda nyingine inayofanana nayo wakitafuta njia ya kurudi kwao, niko sizoni ya pili na kichwa kinaniuma. Ile episodi wanadhani wamerudi kwao San Francisco, kumbe lile daraja la Golden Gate hapo linaitwa Azure Gate na ni la bluu, halafu wanatokea Arturo wawili, wetu na wa dunia hiyo, wanashikana mashati mbele ya tundu, mmoja anaruka na kina Quinn mwingine anabaki kaduwaa. Sasa kaondoka nani? Na je niendelee mpaka mwisho au nikomee wapi, maana naona watu wanaiponda sana. Spoila sijali, mwageni tu.

BabuTaima
Hawajakuonyesha makusudi mkuu. Mimi nasema aliyebaki ndiye wetu, rudia uangalie uso wake tundu linapofungwa, yule si tapeli aliyekosa basi, yule ni mtu kaachwa na wanae. Ila ujue hiyo ndo raha ya sizoni mbili za kwanza, dunia inabadilishwa kitu kimoja tu, taa nyekundu ndo ya kupita, au Wasovieti wameitawala Marekani, afu unaona watu walewale wanavyoishi humo. Ilipohamishwa kutoka Vancouver kwenda kupigwa Los Angeles sizoni ya tatu wakaanza kuleta majoka na mazombi, Arturo akauawa humohumo. Komea hapo.

mama_kibatari
Nyie mnaongelea Profesa, mimi sijawahi kusamehe lile geti!! Wanafika nyumbani kwa Quinn wana kama dakika moja tu kabla ya kuruka tena, na Quinn anajua geti lao lazima lilie, analisukuma, kimya. Basi wanajua hapa sipo wanaruka, huku nyuma mama yake anatoka na mtunza bustani anamshukuru kwa kulitengeneza. Yaani walikuwa KWAO. Nilizima tivii nikaenda kulala na hasira.

Kwantamu_Kid
Kwa faida ya wasomaji, wazo la dunia nyingi lilitolewa na Hugh Everett, mwanafizikia wa Princeton, mwaka 1957, lakini kwenye hesabu zake matawi yakishaachana huwezi kutoka huku ukaenda kutembelea kule, kwa hiyo taima ya Quinn, kile kifaa kinachohesabu muda na kufungua tundu, ni hadithi tupu. Ile kwamba ukipitwa na muda wa kuruka unasubiri miaka 29 na ushee ndo hata sielewi waliitoa wapi.

BabuTaima
@Kwantamu_Kid imetolewa kwenye kuwafanya wakimbie bwana, usipokuwa na hiyo sheria wangekaa tu kila dunia wanakunywa chai.

mama_kibatari
😂😂

pwani_moja
Mimi sikubali eti akomee ya tatu. Nimeangalia zote tano kwa ajili ya Rembrandt tu. Huyu jamaa hakuomba kitu, alikuwa anajiendea na Cadillac yake kuimba wimbo wa taifa uwanjani, Quinn kazidisha umeme tundu likatanuka likammeza na gari lake. Fox wakaitupa baada ya sizoni ya tatu, Sci-Fi Channel wakaiokota, Wade akaondoka, Quinn mwenyewe akaondoka wakaleta mtu mwingine kabisa eti wameunganishwa mwili, na mpaka mwisho 2000 aliyebaki kati ya wale wanne ni mwimbaji. Anadungwa kirusi cha kuwamaliza Kromagg, wale maadui wanaovamia dunia za watu, anaruka peke yake, basi, imeisha, hujui kafika ama hajafika.

chizi_wa_sirizi
Ngoja, kwa hiyo na mwisho wenyewe hawaonyeshi??

pwani_moja
Hawaonyeshi ndugu yangu. Ruka za majoka, angalia ya kwanza, ya pili, halafu ile ya mwisho kabisa ulie kidogo.