Tovuti ya tiketi za boti: naijaribu vipi kabla haijafunguliwa?

KodiMtoni
Assalamu alaykum wadau. Tunamalizia tovuti ya kukatia tiketi za boti baina ya Unguja na Pemba. Abiria anachagua safari, anajaza majina, analipa kwa simu au kadi, tiketi inamfikia kwa meseji. Ofisini tumeibonyeza kila pembe, inafanya kazi. Sasa mteja anauliza: mtu wa Mkoani, kule bandarini Pemba, ambaye hajapata kununua kitu mtandaoni ataiweza? Na mgeni aliyeko kwao Italia? Zimebaki wiki mbili na pesa ni ndogo. Nitafute watu wangapi, niwafanyishe nini, na kwenye simu nikague vitu gani?

Bint_Wete
Waalaykumu salaam. Hapo una kazi mbili, usizichanganye. Kusaka hitilafu ni kazi yenu wenyewe. Kujua kama watu wanaiweza hakupimwi na aliyeijenga, kwani yeye anajua kila kitufe kilipo. Nitasema hiyo ya pili, ya kwanza wapo mafundi humu.

Watu watano wanatosha kwa duru moja. Hesabu hiyo ni ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa tovuti: kwa wastani mtu mmoja hufichua asilimia 31 ya matatizo, hivyo yanayobaki bila kuonekana baada ya watano ni 0.69 ikizidishwa yenyewe mara tano, kama asilimia 16. Ila hayo ni kwa watu wa aina moja. Wewe una abiria wa hapa na una wageni, chukua watatu au wanne kila upande. Na usiwamalize siku moja. Jaribu na nusu, rekebisha, ndipo uite waliobaki. La sivyo wote watakwama kwenye ukurasa ule ule na hutajua kilichojificha kurasa za mbele.

Kazi unayompa ndiyo roho ya jaribio. Ukimwambia "fungua Safari, chagua tarehe, bonyeza Weka Nafasi" umeshamfundisha, hapana tena cha kupima. Mpe hali: "Mama yako na mtoto wa miaka minne wanataka kuja Unguja kutoka Mkoani Alkhamisi asubuhi. Wakatie." Maneno yaliyo kwenye vitufe vyako yasitoke mdomoni mwako. Mwache atumie simu yake mwenyewe, lakini bando liwe lako, maana anayekatwa bando lake ataharakisha. Kazi tatu au nne, dakika 30 hadi 40, basi. Jaribio zima lifanye kwanza na mtu mmoja wa karibu, matokeo yake uyatupe. Hilo ni la kunyoosha maswali tu.

Mwombe aseme kwa sauti anachokifikiri. Akikuuliza "nibonyeze hapa?" mrudishie: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Kisha nyamaza, hata kama unaona kitufe kiko nusu inchi na kidole chake.

Kwetu kuna jambo linaloharibu majaribio mengi, nalo ni adabu. Mtu atahangaika dakika nane na fomu, ukimuuliza mwisho atakwambia "nzuri, mashaallah". Maneno hayo usiyaandike. Andika alichofanya: kidole kilisita wapi, alirudi nyuma mara ngapi, alisoma neno gani mara mbili, alimaliza au aliacha. Asijue kuwa wewe ndiye uliyeijenga. Mwambie umetumwa kutafuta kasoro, na kila anapokwama amekusaidia. Kwa akina mama, msimamizi awe mwanamke kama inawezekana. Na mjukuu asikae karibu! Atachukua simu amalizie yeye, jaribio limekwisha hapo.

Fundi_wa_Malindi
Dada kashamaliza upande wake, mimi naingia kwenye hitilafu. Ukiwa na tovuti ya boti hapa petu, anza na saa.

Ukiandika "7:00" peke yake, yupo abiria atakayesoma saa saba mchana. Ukiandika "saa 1:00", mgeni atakuja saa saba mchana. Zote mbili ziwepo pamoja, "Saa 1:00 asubuhi (07:00)", kwenye ukurasa, kwenye meseji na kwenye tiketi ya kuchapa. Mara nyingi ukurasa unarekebishwa na meseji inasahauliwa. Halafu seva nyingi hutunza saa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, nasi tuko mbele kwa saa tatu, hivyo boti ya 07:00 inakaa kwenye hifadhidata kama 04:00. Kama ukurasa unageuza saa kufuata simu ya mtazamaji, aliyeko Roma ataiona 05:00 wakati wa baridi na 06:00 wakati wa joto. Saa ya safari ionyeshwe kwa saa ya bandari, popote alipo mtu. Kulipima: badilisha ukanda wa saa kwenye mipangilio ya simu kisha fungua upya. Na kama mnayo safari ya usiku, jaribu ya 00:30. Kwenye kalenda hiyo ni Jumamosi, lakini kuna watakaochagua Ijumaa kwa kuwa ndio usiku wanaoondoka nyumbani. Andika "usiku wa kuamkia Jumamosi".

Majina: jaza "Sha'aban" na "Ng'wanza". Alama ile ya juu ikishughulikiwa vibaya itaangusha fomu, au itatoka kwenye tiketi kama &#39;. Usilazimishe jina la ukoo. Watu wana majina matatu, la kwake, la baba na la babu, na yanatakiwa yalingane na kitambulisho anachoonyesha bandarini. Namba ya simu ikubaliwe ikianza na 06, 07, 255 au +255, yenye nafasi katikati au bila nafasi. Ukiifunga kwenye tarakimu kumi, umemfungia nje mwenye +39 ya Italia. Msimbo wa posta uondoe kabisa.

Malipo yajaribiwe kwa ubaya: bonyeza "Lipa" mara mbili haraka, washa hali ya ndege mara tu baada ya kubonyeza, kosea namba ya siri, acha ombi la malipo lipitwe na muda, lipa na salio pungufu. Kila jaribio, angalia pesa imekatwa mara ngapi na kiti kina hali gani. Kosa la kawaida ni hili: mtu analipa kwa simu ile ile anayotazamia, kivinjari kinakwenda nyuma, simu yenye kumbukumbu ndogo inakifunga, akirudi ukurasa unaanza upya naye analipa tena. Dawa yake ni namba ya oda itengenezwe kabla ya malipo, na ombi la pili lenye oda hiyo hiyo lisikate pesa, bali lirudishe hali ya lile la kwanza.

Kasi: picha ya ufukwe ya MB 3 kwenye mtandao wa Mbps 1.6 inachukua sekunde 15. Ipunguze ifike KB 150, inashuka chini ya sekunde moja. Viwango vya Google ni kitu kikubwa cha ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5, ukurasa kujibu mguso ndani ya milisekunde 200, na alama ya kuruka kwa vitu ukurasa unapofunguka isizidi 0.1. Hilo la kuruka lichunge, ndilo linalomfanya mtu abonyeze "Futa" akikusudia "Lipa". Usitegemee simu ya kuigiza ya kwenye kompyuta, maana haikuonyeshi kibodi ikifunika nusu ya skrini pamoja na kitufe cha "Endelea". Tafuta Android ya bei ndogo ya kweli. Fungua pia kwa kivinjari cha Opera Mini kikiwa kwenye kubana data sana: kurasa hupikwa kwenye seva zao, na sehemu nyingi zinazotegemea JavaScript hufa kimya kimya.

maalim_rangi
Nyongeza fupi. Toka nje saa sita mchana uisome juani. Maandishi ya kijivu #999999 juu ya nyeupe yana uwiano wa mwangaza kama 2.8, na kiwango cha chini cha WCAG, mwongozo wa kimataifa wa tovuti kufikiwa na watu wote, kwa maandishi ya kawaida ni 4.5. Kijivu cha #767676 kinapita kwa tabu. Vitufe visipungue pikseli 24 kwa 24. Mimi siweki chini ya 44.

KodiMtoni
Ahsanteni sana, saa ya kwenye meseji kweli hatukuigusa. Mteja anataka na alama, "tumepata ngapi". Nimpe nini? Na malipo yakithibitishwa baada ya kiti kuachiwa, inakuwaje?

Bint_Wete
Kwa alama tumia SUS, dodoso la urahisi wa kutumia mfumo lililotungwa na John Brooke: kauli kumi, mtu anajibu 1 hadi 5. Kauli za witiri (ya 1, 3, 5, 7 na 9), toa 1 kwenye jibu. Za shufwa, toa jibu kwenye 5. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Aliyejibu 4, 4, 5, 3, 4 kwenye witiri na 2, 1, 2, 3, 2 kwenye shufwa ana 15 na 15, jumla 30, alama 75. Wastani unaotajwa sana ni 68, na alama si asilimia. Kauli za shufwa ni za kukanusha, ukizisoma kwa mdomo watu huchanganyikiwa, kwa hiyo mpe karatasi. Kwa watu wanane namba hiyo inayumba mno. Mwambie mteja pia wangapi walimaliza kukata tiketi bila msaada, hapo ataelewa haraka zaidi.

Fundi_wa_Malindi
Shikilia kiti kwa muda mrefu kuliko muda wa ombi la malipo kuisha, uache na dakika kadhaa za ziada. Uthibitisho ukichelewa hata hivyo, mfumo utazame kwanza kama kiti bado kipo. Kipo, mpe. Kimeuzwa, oda iingie kwenye "pesa imepokelewa, haina kiti" na mtu wa ofisini apate taarifa papo hapo, kisha abiria atumiwe meseji yenye namba ya oda na uchaguzi wa safari nyingine au kurudishiwa pesa. Ijaribu kwa kuuchelewesha uthibitisho kwa makusudi upande wa seva. Kwa kubonyeza bonyeza tu hutaipata hali hiyo.