Tunasomea usimamizi wa sanaa na hatujawahi kuonyeshwa mkataba hata mmoja. Huu ni wizi!

Wakuu, naomba mnivumilie, nina hasira na sitaificha. Niko mwaka wa tatu, nasoma shahada ya sanaa upande wa usimamizi. Chuo sikitaji kwa sababu matokeo yangu bado yako mikononi mwao.

Kozi inaitwa usimamizi lakini hakuna chochote tunachosimamia. Tangu mwaka wa kwanza sijawekewa mezani mkataba wa msanii nikaambiwa tafuta kifungu kinachomuumiza. Sijawahi kupewa bajeti ya onyesho, hata la laki mbili, nikaambiwa endesha, ukipata hasara utueleze ilipotokea. Tunapewa notsi za kudurufu, unazinunua steshenari pale getini, ukurasa wa kwanza umefifia hata jina la mwandishi halisomeki. Tunakariri kazi tano za meneja na sifa saba za kiongozi bora, tunazitema kwenye mtihani, basi.

Muhula uliopita kwenye somo la usambazaji likaja swali la hatua za kusambaza albamu. Jibu lililotakiwa ni lile la kwenye notsi: unapeleka masta kwa msambazaji Kariakoo, mnakubaliana bei, anazalisha kaseti, zinakwenda mikoani. Kaseti, wakuu! Mwenzetu mmoja akaandika habari za YouTube na Boomplay, ile app ya kusikilizia muziki, jinsi wimbo unavyoingizwa kupitia wakala na pesa inavyorudi kidogo kidogo kadiri watu wanavyosikiliza. Akapewa sifuri. Alipokwenda kulalamika akaambiwa fuata notsi. Na huyo ndiye pekee darasani ambaye tayari anasimamia msanii mtaani.

Mifano ya kufundishia imejaa hapa hapa nchini. Tamasha la Sauti za Busara lipo Zanzibar tangu 2004. Mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu fedha hazikutosha, likarudi 2017. Hilo peke yake linatosha muhula mzima: tiketi inaingiza nini ukilinganisha na mfadhili, kwa nini mwenyeji analipa bei ndogo kuliko mgeni, tamasha likikosekana mwaka mmoja nani mwingine anakosa kula pale Mji Mkongwe. Sisi tumelisikia kwenye sentensi moja, likitajwa kama "mfano wa matamasha".

Hakimiliki ndiyo usiseme. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 tulipitishwa kipindi kimoja, mwalimu akisoma kwenye slaidi. Kwamba kazi inalindwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, sawa, tumeandika. Lakini fomu ya kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, inajazwaje? Wimbo wa watu watatu, mtunzi, mwimbaji na prodyuza, mirabaha, yaani pesa ya wimbo kutumika, inagawanywaje? Kimya. Kwamba Zanzibar kuna COSOZA yake, na ukivuka bahari na msanii wako unakutana na mamlaka nyingine, tuliambiwa na mwanafunzi mwenzetu kutoka Pemba, siyo mwalimu.

Fildi, yaani mafunzo kazini, nikapangiwa ofisi ya utamaduni ya halmashauri moja. Kazi yangu ikawa kupokea barua na kuzipeleka masijala. Msimamizi kutoka chuoni alikuja, hakushuka hata kwenye gari, akasaini kitabu changu dirishani na kuondoka. Aliyeniokoa ni mama mmoja pale ofisini, Mungu ambariki, alinionea huruma akanifungulia faili la maombi ya vibali. Akanionyesha yaliyokataliwa: hili halina barua ya mwenye uwanja, hili halisemi ulinzi atausimamia nani, haya yote yaliletwa siku mbili kabla ya shughuli wakati matangazo yalishabandikwa mjini. Akaniambia, "Mwanangu, pesa ya tamasha inapotelea hapa, kabla jukwaa halijajengwa." Hakuna mhadhiri aliyewahi kuniambia hivyo.

Wenzetu wa TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, wanasoma cheti na diploma, lakini kila mwaka tamasha linafanyika kwao na wanafunzi wanapanda jukwaani mbele ya watazamaji wa kweli. Mimi natoka na digrii, nitaingia ofisi moja na mtu wa diploma na yeye ndiye atakayenifundisha kazi. Huku mkopo wa Bodi ya Mikopo unanisubiri, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kama mshahara wenyewe utapatikana.

Kinachoniuma kuliko vyote ni mahafali. Kila akija mgeni mkubwa tunaitwa tukacheze ngoma na kuigiza, bila malipo, tunapewa soda na kuambiwa ni mazoezi. Wakati huo huo chuo kinakodi MC, muziki na mapambo kutoka nje ya chuo. Pesa ya burudani ipo! Tukabidhiwe sisi. Tuandike bajeti, tutafute watu wa sauti, tusaini nao mikataba, tuombe vibali, tupeleke stakabadhi kwa mhasibu, tusahihishwe kwa hilo badala ya kazi tano za meneja. Barua ya kuomba hivyo tumeshaandika na kusaini darasa zima. Iko kwa katibu muhtasi wa mkuu wa idara, kila tukienda tunaambiwa bado hajaisoma.

Siwachafui walimu wote. Yupo mmoja aliyemleta mwanamuziki darasani kwa nauli ya mfukoni mwake, na siku ile hakuna aliyeangalia simu. Inawezekana, basi tu hawataki.

Mliomaliza kozi hii njooni mseme ukweli: mliwahi kushika mkataba au bajeti ya kweli mkiwa chuoni? Na ninyi wa TCU, tume ya vyuo vikuu, mnaopita humu kimya kimya, mtaala wenye kaseti nani aliupitisha?