Msaada wakuu: "mkaguzi" wa dawa anarudi Ijumaa kufuata hela, nimpe?

Binti wa Kona:
Wakuu heshima kwenu. Nina duka la dawa muhimu, nje kidogo ya Morogoro mjini. Jumanne mchana alikuja kijana, shati jeupe limenyooka, kitambulisho shingoni, faili kwapani. Akasema ni mkaguzi, na kweli alikagua. Aliangalia tarehe za dawa kuisha, akauliza kibali, akauliza nani ana cheti cha kutoa dawa. Rafu ya chini akakuta boksi la sindano, akasema hizo si za ngazi yangu, faini laki sita, ila "tukielewana" laki mbili. Droo ilikuwa na elfu themanini, nikaiweka kwenye simu nikamtumia. Jina likatokea la mwanamke, akasema ndiye mhasibu wao. Risiti atakuja nayo Ijumaa akifuata iliyobaki.

Kitambulisho nilikisoma: nembo ya bibi na bwana, picha yake, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Barua ina muhuri. Alipiga picha kibali na kitambulisho changu cha NIDA, akaniwekesha kidole gumba kwenye kimashine. Mara ya kwanza kiligoma, nikafuta mkono kwenye kanga nikarudia.

Mume wangu yuko safari, sijamwambia. Nikikataa na kumbe ni wa kweli, si atanifungia? Naombeni ushauri, matusi wekeni akiba.

Mzee wa Gereji:
Umeshapigwa dada. Uzi ufungwe.

Kibatari:
Mzee, punguza. Dada, jibu umeliandika mwenyewe. Mamlaka ya Chakula na Dawa haipo tangu 2019. Chakula na vipodozi vilihamia TBS, Shirika la Viwango, iliyobaki inaitwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Huyo kishoka amenakili bango la zamani.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu pole. Nimekaa na duka kama lako miaka tisa. Walionikagua mimi walikuja na mfamasia wa wilaya, ninayemjua kwa sura, na wakiondoka naachiwa nakala ya fomu tuliyosaini. Nenda halmashauri kwa miguu yako ukamwone mfamasia. Usipige namba iliyo kwenye ile barua, atapokea mwenzake.

Na hela ya serikali haitumwi kwa mtu. Unapewa kontroo namba, tarakimu 12, inaanza na 99. Mhasibu gani anapokea faini kwenye simu yake?

Mzee wa Gereji:
Haya, nirudi kwa adabu. Hata angekuwa wa kweli, "tukielewana" ni rushwa, na wewe uliyetoa umo. TAKUKURU ni 113, bure. Kujifanya mtumishi wa umma nako ni kosa, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 100. Ripoti polisi kabla ya Ijumaa, na ile meseji ya muamala usiifute.

Kibatari:
Mimi elfu themanini hainisumbui kama hicho kidole. Mkaguzi wa dawa kidole chako cha nini? Laini inasajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole, na vyote umempa. Yawezekana ndicho alichofuata, sindano kisingizio tu. Piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho, waiondoe. Usingoje Ijumaa.

Binti wa Kona:
Mrejesho. Mfamasia wa wilaya hamjui huyo mtu. Polisi nimeandikisha. Ijumaa saa tano akaja kweli. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa benchi la nje na kahawa yake, askari wawili ndani wamevaa kiraia. Mwenyekiti akamwomba kitambulisho kwa upole kabisa. Akajipapasa, akasema kakisahau kwenye gari, ngoja akilete. Gari lenyewe bodaboda, imewashwa inamsubiri. Askari wanatoka, vumbi tu.

Mume wangu nimemwambia, amenuna lakini anakula.

Kibatari, *106# nimepiga. Laini zangu ni mbili. Zimetokea tano.

Kibatari:
Funga duka, nenda sasa hivi. Zile tatu ziandike kwenye karatasi, na polisi uwapelekee.