Nimelipa ada ya maabara mihula minane, binti yangu hajashika hata bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia kemikali. Hizi pesa zinakwenda wapi?

Habari zenu wanajukwaa. Mimi huwa napita tu humu kusoma mambo ya mpira na foleni ya malori mpakani Malaba, si mtu wa kufungua nyuzi. Lakini leo nimeudhika, na mama watoto ameniambia nikiendelea kufokafoka jikoni kwake atanimwagia chai. Basi nakuja kufoka huku.

Niko Tororo, Uganda. Fundi redio, ingawa siku hizi redio ni chache, kazi kubwa ni sola, inveta na taa za boda. Nina binti yuko S.3, yaani kidato cha tatu, katika shule moja ya bweni ya kulipia. Jina la shule silitaji, mtoto bado yuko mikononi mwao. Kwenye karatasi ya ada kila muhula kuna mstari umeandikwa "Maabara: 40,000". Nimelipa tangu S.1. Risiti ninazo zote nane, nimezibana pamoja. Piga hesabu: shilingi 320,000.

Likizo hii nikafungua daftari lake la kemia. Nikakuta jedwali zuri limepigwa rula, titresheni ya asidi na besi, yaani kudondosha moja ndani ya nyingine hadi rangi igeuke. Kusoma kwa mwanzo 0.00, kwa mwisho 24.60. Mara ya pili 24.50. Mara ya tatu 24.50. Nikamwambia hongera mama, mkono wako umetulia. Akacheka. Jioni akaja rafiki yake wa mtaa wa pili, wanasoma darasa moja, nikamwomba daftari lake. 24.60, 24.50, 24.50. Nikamuuliza binti yangu, rangi iligeuka kutoka nini kwenda nini?

"Njano kwenda pinki, baba."

"Uliiona?"

"Imeandikwa ubaoni."

Wanafunzi sabini na kitu, na wote wamepata 24.60. Mwalimu aliandika namba ubaoni, watoto wakanakili, likaitwa "praktiko". Bureti aliinyanyua juu mara moja wakaiona kwa mbali, kama padri anavyonyanyua kikombe.

Siku ya wazazi nikaenda nikazunguka nyuma ya jengo la maabara. Jengo zuri jamani, siwezi kusema uongo, lina bati jipya na limeandikwa mlangoni kwa rangi ya bluu. Limefungwa kwa kufuli. Nikachungulia dirishani. Kwenye zile meza ndefu zenye sinki kumepangwa magunia ya maharagwe na posho, yaani unga wa mahindi! Pembeni kuna maboksi ya vifaa, gundi yake ya karatasi haijakatwa. Sasa nisaidieni, nimekasirikia nini kwanza? Kwamba vifaa havijafunguliwa, au kwamba chakula cha watoto kinalala chumba kimoja na chupa za asidi?

Ngoja niwaeleze kwa nini hili linaniuma zaidi ya pesa.

Wiki iliyopita nilimwita kibandani. Nikamuuliza sheria ya Ohm, akaitiririsha kama Baba Yetu. Ammita, ile ya kupimia mkondo, inaunganishwa vipi? "Kwa mfuatano." Voltimita je? "Kwa sambamba." Akanichorea na mchoro, msafi kuliko wangu. Nikampa mita, rezista moja (kile cha kupunguza mkondo), taa ndogo na betri ya boda ya volti 12, nikamwambia haya, nipimie mkondo. Akazungusha kitufe hadi kwenye miliampea, akachukua zile ncha mbili akazigusisha moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia taa wala rezista. Tik. Fyuzi ikaenda.

Sikumgombeza. Mimi mwenyewe niliunguza tatu mwezi wangu wa kwanza kwa fundi aliyenifundisha. Lakini mjue, huyu ndiye wa pili darasani kwenye fizikia! Nikafungua mita, nikamwonyesha kale kauzi ndani ya kioo kalivyokatika. Akakashika, akakatazama juani. Halafu akaanza kuuliza: kwa nini kamekatika lakini betri haikufa? Mkondo ulijuaje kupita hapa badala ya kwenye taa? Tukiweka rezista mbele, fyuzi itapona? Maswali matatu kwa dakika moja, kutoka kwa mtoto ambaye mwaka mzima alikuwa ananijibu "fizikia ni sawa tu". Fyuzi yenyewe ni ya shilingi mia tano.

Wale wanaosema serikali haijapanga, hapana. Kupanga imepanga. Mtaala mpya wa sekondari ulianza na S.1 Februari 2020, mwezi mmoja tu kabla ya korona kufunga shule, na shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kundi la kwanza limefanya UCE, mtihani wa kumaliza S.4, mwaka 2024. Tukaambiwa zama za kukariri zimekwisha, mtoto afanye mwenyewe, atengeneze mwenyewe. Asilimia 20 ya alama inatoka kwa kazi anazofanya shuleni miaka yote, 80 ndiyo mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Na asipokuwa na alama hizo za shuleni na za projekti, cheti hakioni. Fizikia, kemia na biolojia ni lazima kwa kila mtoto hadi S.4, apende asipende. Na Kiswahili chetu pia kimekuwa lazima S.1 na S.2, ingawa binti yangu ndiye aliyekuwa anamsahihisha mwalimu ngeli. Hilo nitalifungulia uzi wake.

Sasa hiyo asilimia 20 ndiyo imekuwa soko. Na hapa lazima niseme ukweli wangu, mnirushie mawe mkitaka.

Muhula uliopita walikuja kibandani vijana watatu kutoka shule mbalimbali, kwa siku tofauti. Wote wanataka kitu kimoja, mashine ya kutotolea vifaranga. Projekti. Nikawatengenezea. Boksi la plaiwudi, balbu mbili, kidhibiti joto, beseni dogo la maji chini ili hewa isikauke. 120,000 kila moja. Yule wa tatu alipokuja kuchukua nikamuuliza, mayai utayageuza mara ngapi kwa siku? Akanitazama. "Kwani yanageuzwa?" Joto je? Hajui. Siku ngapi? Hajui. Nyuzi 37 na nusu, siku 21, nikamwandikia kwenye kipande cha kadibodi akakariri akielekea kwenye boda. Baadaye nikasikia projekti yake iliwekwa mbele ya wageni, ikapigwa picha. Boksi langu limepata alama za juu, mimi ambaye niliishia S.2.

Pesa nilikula. Wakati ule sikuona tatizo, niliona biashara. Nikaja kulionja mwenyewe binti yangu alipoleta karatasi: kila mwanafunzi alete 50,000 ya projekti, "vifaa vitanunuliwa na shule". Nikauliza vifaa gani? Hajui. Projekti gani? Sabuni ya maji. Nani ataikoroga? "Tumeambiwa italetwa."

Italetwa! Sabuni ya projekti inaletwa ikiwa kwenye chupa!

Mwalimu simlaumu sana. Wenye digrii za sayansi kwenye shule za serikali walipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi mwaka 2022, tunakumbuka walimu wa masomo ya sanaa waligoma Juni ile. Huyu wa kwetu hayuko huko. Anafundisha shule tatu, namwona anapita na pikipiki yake chaki mfukoni, na funguo ya maabara haishiki yeye. Funguo iko kwa mkuu.

Kwa hiyo mkutano wa wazazi nikasimama. Nikauliza kwa adabu kabisa, mheshimiwa mwalimu mkuu, maabara inafunguliwa siku gani? Akajibu kwamba vifaa ni ghali, watoto wanavunja, kwa hiyo "tunavitunza kwa ajili ya S.4 wakati wa mtihani". Wazazi wakapiga makofi. Makofi, jamani! Mtu anakwambia mtoto wako atashika pipeti, kile kimrija cha kunyonyea na kupimia kemikali, mara ya kwanza siku ya mtihani wa taifa, wewe unapiga makofi. UNEB wenyewe mara nyingi wakitangaza matokeo wanalia kwamba watahiniwa wanaonekana hawakufanya praktiko, na sisi tunajifanya ni habari mpya. Nilipoendelea, mzee mmoja wa kamati akasema tuwaachie wasomi mambo ya elimu, fundi redio arudi kwenye redio.

Na hata kama vifaa ni ghali, nani amesema sayansi yote iko ndani ya boksi la kutoka nje? Tuko Tororo, mji wa chokaa na saruji. Saga kipande cha jiwe la chokaa, kamulia ndimu, uone povu, hiyo ni kaboni dioksidi mbele ya macho yako. Maua mekundu ya hibiskasi yamejaa kwenye uzio wa shule hiyohiyo. Chemsha, chuja, tia ndimu yanakuwa mekundu, tia maji ya majivu ya maganda ya ndizi yanakuwa kijani. Asidi na besi hizo. Muhogo na matone ya ayodini ya duka la dawa, unaona weusi wa wanga. Pendulamu ni uzi na jiwe. Niliyafanya haya yote barazani na watoto wa jirani, Jumapili moja, gharama haikufika 5,000, na jirani alikasirika tu kwa sababu sufuria yake ilibaki na rangi.

Upande wa kompyuta sitaki hata kuanza. Kumi na moja, zinazowaka nne, na mtihani wa muhula ulikuwa "chora kibodi na uandike majina ya sehemu zake".

Halafu jioni nawasha runinga naona tunajisifu kwa magari ya umeme, tangu ile Kiira EV ya Makerere mwaka 2011 hadi basi la Kayoola. Vizuri sana, nafurahi kabisa. Lakini wa kuyafunga nyaya mabasi hayo watatoka wapi?

NYONGEZA, saa mbili usiku:

Nimesoma majibu yenu. Ndugu unayesema nimhamishe mtoto: nimhamishie wapi? Nimeuliza shule mbili nyingine, moja inatoza 60,000 na kufuli yake ni kubwa zaidi. Dada mwalimu wa Mbale uliyeandika kwamba kwenu S.1 wanaingia maabara kila wiki kwa zamu za watoto kumi, asante sana, naomba ratiba hiyo uniwekee hapa niichape. Wewe uliyeniita mnafiki kwa zile mashine tatu, uko sahihi, sina la kujitetea.

Ila Jumamosi wamekuja wawili wengine, mashine ileile. Nikawaambia sawa, bei ni 70,000, lakini chuma cha kulehemu mtashika ninyi, kaeni chini. Mmoja akakaa. Ameungua kidole, amelehemu vibaya mara nne, kaondoka saa moja usiku na boksi linalowaka na pua nyeusi kwa moshi. Mwenzake alicheka, akavuka barabara kwa fundi wa pili, akaikuta iko tayari kwenye rafu.

Kesho saa tatu niko getini na risiti zangu nane. Naomba kitu kimoja tu, mlango ufunguliwe nikiwa nimesimama pale na magunia yatoke. Wakikataa naenda ofisi ya elimu ya wilaya. Kama kuna mzazi humu mwenye mtoto S.3 au S.2 hapa Tororo, daftari la mwanao la kemia liangalie usiku huu. Ukikuta 24.60, nitumie ujumbe twende wote.