Karoti chini ya theluji ya Niigata: mbona hazigandi?

Swali: Wakuu, kule Tsunan, mkoa wa Niigata, Japani, karoti huachwa shambani msimu wote wa baridi, zinavunwa Machi au Aprili theluji ikiwa bado imelala. Mbona hazigandi? Na figili na kabichi za nyumbani hufukiwaje?

Jibu 1: Mkuu, theluji hapo ni blanketi, si friza. Upepo wa Siberia hupita juu ya Bahari ya Japani, ambako mkondo vuguvugu wa Tsushima huupa mvuke, kisha hugonga milima ya Echigo na kuumwaga wote. Theluji huja nyingi, mara nyingi kuzidi mita 2, na kwa kuwa imejaa hewa, udongo chini yake hubaki karibu nyuzi 0. Karoti huanza kuganda kwenye kama -1.4, kwa hiyo inakaa ukingoni tu. Penye baridi kali na theluji haba, ungevuna uji.

Jibu 2: Utamu nao unatoka hapo hapo: mmea hujilinda kwa kuongeza sukari, kwani maji yenye sukari huchelewa kuganda. Shughuli ni mavuno. Mashine husukuma theluji libaki tabaka jembamba, karoti zing'olewe upesi. Ukichelewa, udongo hupata joto, majani mapya yanachipua na kula sukari yote, kiini kinakuwa kama mti.

Jibu 3: Figili: kata majani pamoja na kipande cha kichwa, la sivyo itachipua shimoni. Chimba kama nusu mita mahali pasipotuama maji, zipange, funika kwa mabua ya mpunga, halafu udongo. Kabichi usiivue majani ya nje. Hayo ndiyo yaoze badala ya moyo wake. Na chomeka mti mrefu juu ya shimo! Bila alama, utachimba kisima cha theluji kutafuta kabichi moja. Matofaa yakae mbali na karoti, gesi yake huzitia uchungu.

Muuliza swali: Asanteni. Yukimuro je, ni kitu hicho hicho?

Jibu 1: Hapana, hicho ni chumba cha akiba. Theluji hulundikwa mwishoni mwa baridi, zamani ikifunikwa kwa mabua, na baridi yake hutunza mchele na sake, yaani pombe ya mchele, hadi kiangazi. Mfereji wa maji ni lazima. Maji yakituama chini, lundo huyeyuka kuanzia kitakoni.